UPEPO NA MAJI: FENG SHUI KATIKA UPANGAJI NA UPAMBAJI WA BUSTANI YA NYUMBANI

Maneno mawili ya Kichina, feng ambalo maana yake ni upepo, na shui ambalo maana yake ni maji, yameungana kuwa jina la elimu ya kale ihusuyo kuchagua mahali pa kuzika wafu, pa kujenga nyumba na pa kutengeneza bustani. Jina lenyewe ni jepesi, na tafsiri yake ya neno kwa neno haimshindi mtu. Lakini jambo liitwalo kwa jina hilo si jepesi, na watu walielezao nje ya Uchina wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja hulihesabu kuwa uaguzi mtupu. Kundi la pili hulihesabu kuwa sayansi iliyokwisha kuthibitishwa. Makundi yote mawili husahau jambo moja, ambalo ndilo msingi wa makala haya: bustani ya feng shui hupangwa kwa ardhi na kwa lugha pamoja. Sehemu yake moja huweza kueleweka kwa kutazama jua, upepo na mteremko wa maji. Sehemu ya pili haieleweki kabisa mpaka mtu ajue sauti za maneno ya Kichina na maumbo ya maandishi yake. Atakayeihamisha sehemu hii ya pili bila lugha yake atakuwa amechukua ganda na kuacha kokwa.

Kosa la tafsiri: feng shui si ramli

Mfasiri wa Kiswahili apitiaye vitabu vya Kizungu hukutana na kikwazo tangu hatua ya kwanza. Vitabu hivyo hulieleza jambo hili kwa neno la asili ya Kigiriki na Kilatini lenye maana ya uaguzi wa ardhi, na neno hilo, likitafutwa katika kamusi, humleta mtafutaji kwenye neno ramli. Njia iliyomfikisha hapo ni ya kweli, lakini mahali alipofika sipo.

Katika karne ya 12, vitabu vya Kiarabu vya elimu ya mchanga, yaani ilm al-raml, vilipofasiriwa kwa Kilatini, wafasiri walilitumia neno hilo la uaguzi wa ardhi kuwa jina la elimu hiyo. Ramli waliyoikusudia ni jamaa ya ile ijulikanayo katika pwani ya Afrika ya Mashariki: mpigaji hutia nukta katika mchanga au katika ubao, huzihesabu na kuzipanga katika nyumba zake, kisha hutoa jawabu la swali aliloulizwa. Karne nyingi baadaye, Wazungu waliofika Uchina waliwaona watu wakitazama vilima na mito kabla ya kuzika na kujenga. Kwa kuwa hawakuwa na jina la jambo hilo, walilitwaa lile neno la zamani, kwa sababu tu ardhi imetajwa ndani yake. Hivyo neno moja likabebeshwa mambo mawili yasiyo na ujamaa.

Tofauti ya mambo hayo ni kubwa. Ramli huuliza, Litatokea nini? Feng shui huuliza, Kitu hiki kiwekwe wapi? Mpigaji ramli aweza kufanya kazi yake chumbani gizani. Mtaalamu wa feng shui hana kazi asipotoka nje. Mmisionari Ernest Eitel, aliyekaa Hong Kong na kuchapisha kitabu kidogo juu ya habari hizi mwaka 1873, aliziita mianzo ya sayansi ya maumbile katika Uchina. Ingawa hakuziamini, alitambua kwamba ndani yake mna utazamaji wa dunia, wala si uaguzi peke yake.

Chi, au pumzi ya mahali

Kitabu kitajwacho mara kwa mara kuwa chimbuko la jina hili ni Zangshu, yaani Kitabu cha Maziko, ambacho hunasibishwa na Guo Pu (276–324), ingawa wanazuoni wengi hukiona kuwa kiliandikwa baada ya zama zake. Fundisho lake kuu ni kwamba ndani ya ardhi hupita kitu kiitwacho chi. Kitu hicho kikipandwa na upepo hutawanyika, na kikikutana na maji husimama. Kwa hiyo mahali pema ni pale ambapo upepo umezuiwa na maji yamekaribishwa. Hapo ndipo jina la upepo na maji lilipotoka.

Neno chi limewashinda wafasiri wa lugha nyingi. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kichina lina matumizi mapana: hali ya hewa huitwa tianqi, yaani chi ya mbingu, na mtu aliyekasirika husemwa kuwa amezalisha chi. Kiswahili kina maneno kadha yawezayo kufikiriwa. Hewa hulingana na upande wa anga, lakini haina uhai. Nguvu ina uwezo, lakini haina mwendo wa kuingia na kutoka. Roho ina uhai, lakini imekwisha kubeba maana za dini, na msomaji atadhani panasemwa habari ya nafsi ya mwanadamu. Pumzi ndiyo iliyo karibu zaidi, maana huingia na kutoka, hukaa na kukatika, na kila kiumbe hai huihitaji. Hata hivyo yafaa neno chi libaki katika maandishi ya kitaalamu, na pumzi litumike kulifafanua. Yafaa pia ikumbukwe kwamba hakuna chombo kilichopata kuipima chi. Ni wazo la kupangia mambo, na katika makala haya huelezwa hivyo.

Umbo la mahali

Makao mema katika mafundisho haya hufananishwa na kiti chenye egemeo na mikono miwili. Nyuma ya nyumba, upande wa kaskazini, pawe na kilima, ambacho huitwa Kobe Mweusi. Mbele, upande wa kusini, pawe wazi, na huko hukaa Ndege Mwekundu. Kwa mtu aliyesimama mlangoni akielekea kusini, mkono wake wa kushoto huwa mashariki, na huko mwinuko huitwa Joka la Kijani. Mkono wa kulia huwa magharibi, na huko mwinuko mwingine ulio chini kidogo huitwa Chui Mweupe, ingawa mnyama hasa ni yule mkubwa wa Asia mwenye milia. Maji hupita mbele, tena kwa kupinda, kana kwamba yanaikumbatia nyumba. Yakija moja kwa moja kwa kasi huhesabiwa kuwa mabaya, na yakisimama yakaoza huhesabiwa kuwa mabaya vile vile.

Mtu asiyeamini chi hata kidogo aweza kuona faida ya mpango huu katika nchi ulikozaliwa. Uchina i kaskazini ya ikweta, na sehemu zake nyingi hupigwa wakati wa baridi na upepo mkali utokao kaskazini. Jua la majira hayo hupita chini upande wa kusini. Basi kilima cha nyuma huukinga upepo, uwazi wa mbele hulikaribisha jua, na maji yaliyo chini ya nyumba hupokea mvua iteremkayo bila kuigharikisha sakafu. Wakulima wangeweza kuyajua hayo yote bila kutaja kobe wala joka. Majina yalisaidia kuyahifadhi na kuyafundisha.

Mapokeo yenyewe yana madhehebu mawili makubwa. La kwanza hufuata maumbo ya nchi, na hunasibishwa na Yang Yunsong, aliyefundisha katika nchi ya Jiangxi mwishoni mwa enzi ya Tang. La pili, lililosifika hasa katika Fujian, hufuata dira na hesabu. Dira yake huitwa luopan. Ina duara nyingi zilizozungushana, na moja kati ya hizo hugawa upeo katika sehemu 24. Sindano yake huitwa ielekezayo kusini, ilhali watu wengi wengine huisema kuwa huelekeza kaskazini. Sindano ni ile ile. Lugha ndizo zilizochagua ncha mbalimbali.

Kiswahili nacho kina neno lake hapa. Kaskazi na kusi ni majina ya pepo kabla ya kuwa majina ya pande. Kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma toka upande wa kusini katika miezi ya katikati ya mwaka. Kutokana na pepo hizo vyombo vilipangiwa safari, na pande mbili za dunia zikapata majina. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili ataacha kushangaa akiambiwa kwamba Wachina waliutia upepo katika jina la elimu ya mahali. Yeye mwenyewe, kila atajapo kaskazini, hutaja upepo.

Mlango, njia na maji

Bustani ya nyumbani haipewi vilima wala mito. Hupewa ukuta, lango, njia, mawe, mimea na pengine kidimbwi. Kazi ya mpangaji ni kuyaweka hayo yafanye kwa udogo kazi ifanywayo na nchi kwa ukubwa.

Katika nyumba za kale za Beijing zenye ua katikati, kama nyumba i upande wa kaskazini wa njia, lango la desturi huwa katika pembe ya kusini-mashariki. Mtu akiisha kuingia hukabiliana na ukuta mfupi uliopambwa, naye hulazimika kugeuka ndipo aione nyumba. Sababu itolewayo ni kwamba pumzi mbaya huenda kwa mstari ulionyoka na haiwezi kukata kona. Sababu ionekanayo ni kwamba apitaye njiani haoni mambo ya ndani, na upepo haupigi moja kwa moja mlangoni. Nyumba za mawe za Lamu hufika mwisho ule ule kwa njia yake: mgeni hupita daka, kisha tekani, ndipo afike kiwandani, na mpango wa mapito hayo humzuia aliye nje asione ndani. Hapo sababu isemwayo ni sitara ya watu wa nyumba, wala hapatajwi pumzi. Mifano hiyo miwili yaonyesha kwamba jengo moja laweza kuwa na maelezo mawili, na kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuyachanganya.

Njia ya bustani nayo hupindishwa. Katika bustani ndogo faida yake ni dhahiri, kwa kuwa njia iliyonyoka humaliza kiwanja kwa hatua chache, lakini njia ipindayo humficha mtembezi mwisho wake na kumfanya aone kila pembe kuwa mahali papya. Mfano ulio bora wa ufundi huo ni bustani ya Wangshi katika mji wa Suzhou, ambayo jina lake lamaanisha Bwana wa Nyavu, yaani mvuvi. Mwanzo wake ni karne ya 12, na ilifanywa upya na kupewa jina hilo katika karne ya 18. Ukubwa wake pamoja na nyumba ni kama nusu ya hekta tu. Katikati mna ziwa dogo ambalo pembezoni huchopoa mkono mwembamba wa maji, na juu yake pamewekwa daraja la mawe lililo dogo mno. Jicho la mtazamaji hudhani kwamba maji yanaendelea mbele, kwa kuwa haliuoni mwisho wake. Mwaka 1997 bustani hii ilitiwa pamoja na nyingine za Suzhou katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ua wake mmoja ulikuwa mfano wa ua uliojengwa ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kufunguliwa mwaka 1981.

Mawe na maji yakiwekwa pamoja hukamilisha bustani, na hapo lugha hushuhudia tena. Neno la Kichina la mandhari ni shanshui, na maana yake hasa ni milima-maji. Bustani isiyo na jiwe la kusimama badala ya mlima, au isiyo na maji, hata yakiwa ya mfano tu, ni kama neno lililokatwa silabi.

Miti badala ya wanyama wanne

Elimu hii ilivuka bahari ikafika Japani, na huko ndiko kilikoandikwa kitabu cha bustani kiitwacho Sakuteiki, katika karne ya 11. Kwa desturi hunasibishwa na Tachibana no Toshitsuna (1028–1094). Kitabu hicho kinamfaa sana mwenye kiwanja kidogo, maana hujibu swali alilo nalo: afanye nini mtu ambaye ardhi yake haina kilima wala mto?

Jawabu ni kupanda miti badala yake. Pasipo mto wa mashariki, ambao ndio Joka, hupandwa miti 9 ya yanagi, ule ambao matawi yake huning'inia juu ya maji. Pasipo njia kuu ya magharibi, ambayo ndiyo makao ya Chui Mweupe, hupandwa miti 7 ya hisagi. Pasipo ziwa la kusini hupandwa miti 9 ya katsura. Pasipo kilima cha kaskazini hupandwa miti 3 ya hinoki. Maji ya bustani, kitabu chasema, yaingie kwa mashariki na kutokea upande wa magharibi, ili yachukue mabaya na kuyatoa nje. Ni dhahiri kwamba mpangaji wa Sakuteiki hakufikiri kuwa mnyama yumo ndani ya kilima. Kwake kilima, mto na mti ni ishara, na ishara moja yaweza kusimama mahali pa nyenzake.

Lakini kitabu hicho hicho kina katazo ambalo haliwezi kuelezwa kwa upepo wala kwa maji. Kinasema kwamba mti usipandwe katikati ya kiwanja, maana mwenye nyumba atakuwa na taabu siku zote. Sababu hutolewa waziwazi, nayo ni ya maandishi. Katika maandishi ya Kichina, ambayo Wajapani pia waliyatumia, alama ya mti ikiandikwa ndani ya mraba huwa neno lenye maana ya dhiki. Vile vile alama ya mtu ikiandikwa ndani ya mraba huwa neno lenye maana ya mfungwa; kwa hiyo nyumba isijengwe katikati kabisa, mwenyewe asije akatiwa kifungoni. Ukuta wa kiwanja ndio mraba, na mti uliosimama ndani yake ndio alama. Bustani imekuwa ukurasa, na mpanzi ameandika neno baya bila kukusudia.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili apaswapo kusimama na kufikiri. Mtu aandikaye kwa herufi za Kiarabu au za Kirumi hana neno la dhiki lenye sura ya mti ndani ya ukuta. Mwembe wake uliosimama katikati ya ua hauandiki kitu. Aweza kuukata kwa sababu mizizi yake inapasua sakafu, au kuuacha kwa sababu ya kivuli chake. Lakini akiukata kwa sababu ya katazo la Sakuteiki atakuwa ametii maandishi asiyoyasoma.

Mapambo yasemayo

Kama maumbo ya maandishi huongoza kupanda, sauti za maneno huongoza kupamba. Kichina sanifu kina silabi zipatazo 400, na hata zikihesabiwa pamoja na toni zake hazifiki 1,500. Kwa hiyo maneno mengi hutamkwa sawasawa. Kiswahili kina maneno ya jinsi hiyo machache zaidi, na mara nyingi ngeli huyatenganisha: ua la mti na ua wa nyumba hutamkwa namna moja, lakini maua na nyua hayachanganyikani, wala upatanisho wa sarufi hauyachanganyi. Kichina hakina ngeli za namna hiyo. Wasemaji wake wamegeuza upungufu huo kuwa hazina ya mafumbo, na bustani ni mahali pamoja ambapo hazina hiyo imewekwa.

Popo huitwa fu, na heri nayo huitwa fu. Kwa hiyo popo, ambaye katika nchi nyingi huhesabiwa kuwa mnyama wa mkosi, huchorwa kwa kokoto katika sakafu za bustani za Suzhou, na katika makao ya Mwanamfalme Gong, Beijing, limo ziwa lililochimbwa kwa umbo la popo. Samaki huitwa yu, na ziada huitwa yu. Mwenye samaki kidimbwini amejitakia ziada nyumbani. Kulungu huitwa lu, kama mshahara wa cheo. Chupa ya maua huitwa ping, na silabi hiyo ndiyo ianzayo neno la amani. Kwa hiyo baadhi ya milango katika kuta za bustani hukatwa kwa umbo la chupa, na apitaye hupita katika amani. Mti wa gui, wenye maua madogo yanukiayo, hutamkwa kama neno la utukufu. Kwa kinyume chake mforsadi huitwa sang, na sang ni msiba. Ndiyo sababu desturi hukataza kuupanda mbele ya nyumba, ingawa mti wenyewe ulithaminiwa sana katika nchi ya wafugaji wa nondo wa hariri. Si kila ishara hutokana na sauti: mkomamanga hupendwa kwa sababu tunda lake limejaa mbegu, na mbegu ni mfano wa watoto. Ishara hii yaweza kufahamika katika lugha yoyote, kwa kuwa imekaa katika tunda lenyewe.

Hivyo yafaa ishara zigawanywe mafungu matatu. La kwanza ni ishara za kitu chenyewe, kama mbegu za komamanga. Hizi huvuka mipaka ya lugha. La pili ni ishara za maandishi, kama mti ndani ya mraba. Hizi zilivuka kutoka Uchina kwenda Japani kwa sababu maandishi yalikuwa yale yale. La tatu ni ishara za sauti, kama popo na heri. Hizi hazivuki ila kwa kufuatana na maelezo. Popo wa kauri aliyetundikwa katika bustani ya Mombasa ni popo tu, mpaka pawepo mtu wa kumtamka kwa Kichina.

Mabishano ndani ya Uchina yenyewe

Lingekuwa kosa kudhani kwamba kila bustani ya Kichina ilifuata dira. Kitabu kikuu cha ufundi huo ni Yuanye cha Ji Cheng, aliyezaliwa mwaka 1582. Alikimaliza mwaka 1631. Sura za mwanzo hufundisha kuchagua mahali, na ya mwisho hufundisha kuazima mandhari, yaani kuiweka bustani hivi kwamba mlima au mnara ulio mbali uonekane kuwa sehemu yake. Katika bustani ya Zhuozheng, Suzhou, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1509, mnara wa hekalu ulio nje kabisa ya kuta huonekana ukisimama mwisho wa maji. Ji Cheng asema wazi kwamba msingi wa bustani haufungwi na mwelekeo wa dira. Nchi yenyewe ndiyo imwongozayo fundi. Nyumba ilishikwa na kanuni, lakini bustani ilipewa uhuru.

Baada ya mwaka 1949 serikali ya Jamhuri ya Watu wa Uchina iliihesabu feng shui kuwa ushirikina, na ilipigwa vita zaidi wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976. Iliendelea kwa uwazi katika Hong Kong na Taiwan. Vitabu vingi vilivyoenea Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1980 vilifuata njia mpya iliyofundishwa na Lin Yun (1932–2010). Njia hiyo huichukua ramani yenye sehemu nane na kitovu, na kuilaza juu ya mchoro wa nyumba au bustani kuanzia mlangoni, bila kutumia dira. Pembe ya mbali ya kushoto huitwa ya mali, ya mbali ya kulia huitwa ya ndoa, na kadhalika. Msomaji asomaye kitabu cha dira na kitabu cha ramani hii kwa siku moja ataambiwa aweke maji mahali pawili tofauti. Tatizo si ufahamu wake. Amesoma mifumo miwili yenye jina moja.

Kuhamisha kanuni pwani ya Afrika ya Mashariki

Dar es Salaam i kusini ya ikweta, na kwa zaidi ya nusu ya mwaka jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Hakuna upepo wa baridi kali wa kukingwa, upepo hutafutwa. Mtu akijenga kilima au ukuta mrefu kwa ajili ya Kobe Mweusi kaskazini ya nyumba ameufungia kaskazi nje katika miezi ya joto jingi, tena ameyatii maneno ya kanuni huku akiivunja maana yake. Katika Australia wataalamu wamebishana hata leo kama pande zigeuzwe au zisigeuzwe. Lakini kanuni iliyo chini ya kanuni yaweza kuhamishwa bila ubishi: ujue upepo unatoka wapi, jua linapita wapi, na mvua inatelemkia wapi, kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Kadhalika kwa maji. Katazo la maji yaliyosimama halihitaji chi ili liwe kweli katika nchi yenye malaria. Kidimbwi cha nyumbani kiwe na maji yatembeayo au samaki walao viluwiluwi vya mbu. Kisipokuwa hivyo ni afadhali kisiwepo, na mchanga mweupe uliochorwa mawimbi usimame badala yake, kama ulivyo katika bustani kavu za Japani. Kwa mimea, harufu ya asumini na mlangilangi karibu na dirisha huletwa ndani na upepo, na kwa kazi hiyo upepo una maana ambayo mwenye nyumba wa pwani aliijua kabla ya kusikia jina la feng shui.

Maana ya kuandikwa katika kamusi

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, neno hili likitiwa katika kamusi ya Kiswahili lisipewe visawe vya ramli, uganga wala falaki. Ramli hujibu swali, uganga huponya au hudhuru, na falaki husoma nyota. Maana iwezayo kulitosha ni hii: feng shui, elimu ya jadi ya Kichina ya kuchagua na kupanga mahali pa makaburi, nyumba na bustani kwa kufuata maumbo ya nchi, pande za dunia, na ishara za vitu, maandishi na sauti za lugha, kwa imani kwamba mpangilio huo huihifadhi pumzi njema iitwayo chi.

Maneno kwa imani kwamba yasiondolewe, kwa kuwa ndiyo yatenganishayo kueleza na kushuhudia. Maneno sauti za lugha nayo yasiondolewe kwa kufupisha, maana yakiondolewa mtu ataelezwa habari za upepo na maji, lakini hataelezwa kwa nini popo amechorwa sakafuni.